Mhuri wa Baada ya Magharibi

Jumamosi, tarehe 1

Mdogo wangu kipenzi, salamu nyingi zikufikie. U hali gani wewe, na watoto, na shemeji? Mgongo wake umeachia? Sisi huku tu wazima, alhamdulillah, ila maji ndiyo yametuzidi. Daraja limeondoka, leo siku ya tatu. Ukienda kutazama unaona nguzo mbili zimesimama kama watu walioachwa na gari. Posta wanasema barua hazivuki mpaka liletwe daraja la chuma. Simu ipo, najua, lakini simu yako wanaisikiliza nyumba nzima, na mimi yangu si ya kusikilizwa na nyumba nzima. Basi nimenunua daftari. Nitakuandikia humu kila nikipata nafasi, na siku njia ikifunguka nitakuletea lote kwa mpigo. Mwandiko utanisamehe, ni wa darasa la saba.

Baba watoto amekwama ng'ambo kwenye kazi yake ya mabomba. Analala kwa msimamizi wake, anakula vizuri. Huku nyumbani nimebaki mimi na Bi Mdogo.

Jumatatu, tarehe 3

Nimehamishwa zamu. Mwenzangu wa jioni anaishi ng'ambo ya mto, kwa hiyo jioni ni mimi, saa tisa alasiri hadi saa tatu usiku. Kazi ni ileile uliyoiona ulipokuja: nakaa kwenye dirisha la maabara, vichupa vya damu vinaletwa kutoka wodini, nabandika jina, napiga mhuri wa tarehe, naandika saa, naingiza kitabuni, napanga kwenye friji. Jioni hupimwa malaria na wingi wa damu basi. Vingine vinasubiri mchana.

Mkuu wangu ni yuleyule Bwana Sahihi. Tunamwita hivyo kwa sababu ana maneno mawili tu, "Weka sahihi hapa" na "Hii si sahihi." Leo amenikabidhi mhuri wa jioni kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga.

"Mama, huu ukipotea, maabara imepotea."

"Bwana mkubwa, nimelea watoto watatu na hakuna aliyepotea."

Hakucheka. Hajawahi. Mhuri wenyewe una vigurudumu vya mpira, unazungusha tarehe kwa ukucha.

Jumatano, tarehe 5

Mvua. Vichupa vinne tu. Nimeswali Magharibi nyuma ya kabati la mafaili, nikasogeza tarehe ya mhuri, nikaendelea.

Jumapili, tarehe 9

Leo tumegombana na Bi Mdogo juu ya pipa la maji. Mimi nasema pipa la chini ya mfereji ni la kufulia, yeye analitaka la kupikia. Pipa lenyewe limejaa, mvua haikatiki, maji tunayakanyaga, na watu wazima wawili wanagombania maji. Ningekuwa jirani ningecheka.

Wewe uliniuliza mwaka juzi kama nimemzoea, nikakujibu "ndiyo" nikabadilisha mazungumzo. Ngoja nikwambie kweli, daftari halina masikio. Miaka sita tunaishi ua mmoja, yeye chumba cha mbele, mimi cha nyuma. Hajanitukana hata mara moja, na hiyo ndiyo inayoniudhi. Angekuwa mkorofi ningepata pa kushika. Yeye anashona sare zake za shule, cherehani inalia tangu asubuhi, akiniona anasema "Shikamoo Bi Mkubwa," nami naitika, tumemaliza. Mimba tatu zimemtoka katika miaka hiyo sita. Ya mwisho ilikuwa imekaa kwenye mrija wa uzazi, ikapasuka, akapasuliwa usiku usiku wakakata mrija mmoja. Nilimfulia nguo mwezi mzima. Sikumfulia kwa mapenzi, nilimfulia kwa sababu Mungu anaona.

Jumanne, tarehe 11

Paa la choo limevuja. Kazi ya kawaida.

Ijumaa, tarehe 14

Nimetoka kuswali, namkuta kasimama mlangoni kwangu. Hana kawaida ya kuja mlangoni kwangu.

"Bi Mkubwa, siku zangu zimepita."

"Zimepita ngapi?"

"Tano."

"Umemwambia baba watoto?"

"Nimempigia."

Kumbe alishaambiwa yeye kwanza, kwa simu, na mimi nilizungumza naye juzi asiniambie neno. Nilijisikia kama mtu aliyeketi karamuni akaambiwa chakula kimekwisha. Nikamwambia Bi Mdogo, "Mungu akujaalie." Nilimaanisha. Nusu.

Akaniomba nimpeleke hospitali Jumatatu, anaogopa kwenda peke yake. Pale ndipo mimba ya mwisho ilipoishia.

Jumatatu, tarehe 17

Tumekwenda. Saa mbili kamili asubuhi ametolewa damu, na mchana namba ikatoka: mia nne na kumi.

Nikamwuliza Bwana Sahihi, maana miaka tisa nabandika vichupa sijawahi kuuliza, "Hii namba ni ya nini hasa?" Mdogo wangu, yule mtu alibadilika sura kama nimemwuliza habari za mama yake. Alivuta kiti.

"Mama, mtoto kabla hajawa na moyo, kabla hajawa na chochote, kuna kondo linaanza kujijenga. Hilo kondo linamwaga homoni kwenye damu ya mama, kama mtu anayebisha hodi. Sisi tunapima hodi hiyo."

"Na mia nne na kumi ni hodi kubwa au ndogo?"

"Namba moja haisemi kitu. Mimba changa ikikaa vizuri, namba inakaribia kuongezeka mara mbili kila siku mbili. Ikipanda kwa kujivuta, au mimba inatoka, au imekaa mahali pasipo pake. Kwa hiyo unapima mara mbili, unaangalia imepanda kiasi gani kwa saa ngapi. Saa, mama! Bila saa ni upuuzi."

Mama daktari, yule mgeni aliyeletwa mwaka huu kutoka mji mkuu, amemwambia Bi Mdogo arudi Jumatano. Amemwambia pia, kwa yale yaliyompata, wataangalia kwa macho mawili. Namba za mimba hupimwa Jumatatu na Alhamisi tu, kwa sababu dawa za mashine zimebaki kidogo na gari la kuzileta liko ng'ambo na kila kitu kingine.

Tulipofika nyumbani Bi Mdogo akaniambia, "Pipa litumie wewe."

Usiku wa Jumatano, tarehe 19

Jua limezama muda si mrefu, naandika hapa dirishani kwa haraka. Bi Mdogo ameletwa na jirani kwa pikipiki, tumbo linamkata upande wa kushoto na ameona matone ya damu. Daktari wa zamu kamwangalia, kasema asingoje kesho asubuhi, damu itolewe sasa. Nimeipokea mwenyewe. Nilikuwa nimetoka kuswali, mikono ina maji bado. Nimebandika jina lake, mhuri, saa moja usiku, kitabuni, friji. Itapimwa Alhamisi. Maumivu yamepungua, wamemruhusu. Ee Mola, ule upande wa kushoto ndio wenye mrija uliobaki.

Jumatano, tarehe 19

Siku yangu ya mapumziko. Mvua kutwa. Nimekaa nyumbani, nimempikia supu, ameinywa yote.

Alhamisi, tarehe 20

Namba imetoka mbaya. Mama daktari anasema kesho saa nne asubuhi amchome sindano ya kuiondoa. Sina zaidi la kuandika leo.

Ijumaa, tarehe 21

Mdogo wangu, kaa vizuri, leo ni kurasa nyingi.

Jana sikukuandikia yote. Nakuandikia sasa kwa mpango, nisiruke kitu.

Saa kumi jioni jana Bi Mdogo alikuja dirishani kwangu na karatasi ya majibu. Macho makavu. "Nisomee, Bi Mkubwa. Mama daktari amenieleza lakini nilikuwa simsikii." Nikasoma. Tarehe 17, saa mbili asubuhi: 410. Tarehe 19, saa moja usiku: 640. Akaniambia aliyoelezwa: kwa siku mbili na nusu namba ilitakiwa ipite mia tisa, ya kwake haikufika hata mia saba, tena kuna maumivu na damu, na kwenye picha ya tumbo hakuonekana kitu ndani ya mji. Mara ya nyuma ilianza hivihivi. Kurudia kipimo haiwezekani, maana chupa ya mwisho ya dawa ya mashine imeisha jana hiyohiyo. Wakingoja na mrija ukapasuka na daraja halipo, hakuna pa kumkimbiza, na daktari wa upasuaji naye yuko ng'ambo. Kwa hiyo sindano.

Nikamshika mkono. Nikawa naitazama karatasi. Tarehe 19, saa moja usiku. Nikajiuliza, mbona Jumatano nilikuwa nyumbani napika supu? Nani alipokea damu hii?

Halafu nikautazama mhuri.

Mdogo wangu, wewe utanielewa kabla sijamaliza, kwa sababu tulilelewa na mama mmoja. Jua likizama, siku imekwisha. Usiku wa Ijumaa si ndiyo ile Alhamisi jua likishatua? Mama alitufundisha hivyo, swala zetu zinahesabiwa hivyo, mimi sijawahi kufikiri kuna hesabu nyingine. Tangu tarehe 3, kila jioni nikitoka kuswali Magharibi nilikuwa nasogeza mhuri. Hakuna aliyegundua, kwa sababu vichupa vya jioni hupimwa kesho yake na karibu vyote tarehe haviulizwi. Lakini namba ya mimba inaulizwa saa. Damu ya Bi Mdogo ilitolewa Jumanne jioni. Mimi niliipa siku nzima isiyokuwa yake.

Nilielewa palepale. Saa kumi na robo, mchana kweupe. Bwana Sahihi alikuwa nyuma ya kioo, hatua kumi, anafuta miwani. Na sikusema.

Nilimwambia Bi Mdogo, "Nenda nyumbani ukapumzike." Akaenda. Nikafanya kazi hadi mwisho. Sikuugusa mhuri, vichupa vya jioni ile niliviandika kwa kalamu. Nikarudi, nikaswali Isha, nikakaa kitandani.

Nitakwambia nilichokuwa nawaza, usinitetee. Kwanza niliwaza kazi yangu. Pili niliwaza maneno ya watu: mke mkubwa anaandika kichupa cha mke mdogo, tarehe inakosewa, mimba inatolewa. Utamweleza nani habari za Magharibi? Hata nikisema mapema watasema nimeogopa dhambi dakika ya mwisho. Na tatu, hii ndiyo iliyonifanya nishindwe kulala: kuna sauti ilikuwa inasema, si wewe, ni Mungu kapanga, wewe nyamaza tu. Ilikuwa sauti ya upole kabisa. Niliisikiliza muda mrefu, mdogo wangu. Mrefu kuliko ninavyotaka kuandika.

Alfajiri nilipoinama kusujudu nikaona siwezi kuinuka na jambo lile. Saa moja na nusu nilikuwa mlangoni pa maabara, nimelowa hadi magoti. Bwana Sahihi akafika na mwavuli wake.

"Mama, zamu yako si sasa."

"Bwana, nimekosea tarehe."

"Ya kichupa gani?"

"Vyote."

Nilimweleza. Hakunikatiza. Alifungua kitabu, akachukua penseli, akahesabu kwa midomo. "Jumatatu saa mbili asubuhi, Jumanne saa mbili asubuhi, hizo ishirini na nne. Mpaka saa moja jioni, kumi na moja. Thelathini na tano." Akapiga mstari. "Thelathini na tano, si hamsini na tisa!" Akaniangalia. "Mama, kwa saa thelathini na tano namba hii si mbaya. Si ya kujivunia, lakini si mbaya."

Tukaenda kwa mama daktari, yeye mbele anakimbia na karatasi, mimi nyuma. Bi Mdogo alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi la ndani na mtandio kichwani. Nesi wa zamu alikuwepo pia, yule tunayemwita Redio.

Mama daktari alisikiliza akiwa amesimama. Akasema, "Hapana. Mimi nilimwuliza mgonjwa mwenyewe jana." Akamgeukia. "Nilikuuliza damu ya pili ulitolewa lini. Ukasemaje?"

"Usiku wa Jumatano, daktari."

"Unaona? Jumatano usiku."

"Siyo Jumatano usiku," Bi Mdogo akasema. "Usiku wa Jumatano. Jumanne, jua lilipozama."

Mama daktari akakaa. "Usiku wa Jumatano ni Jumanne?"

"Sasa utakuwa nini?" akauliza Bi Mdogo, kwa mshangao kabisa, kama aliyeulizwa iwapo mvua ni maji.

Yule mama aliweka kalamu mezani. Sindano ilikuwa pale kwenye sahani ya bati, imeshavutwa dawa. Aliifunika kwa kitambaa. Kisha akanisema, na sitaandika yote. Yalikuwa ya haki. Redio naye hakukubali kupitwa. "Kwani huyu si mke mwenzio?" akamwambia Bi Mdogo. "Mke mwenzio ndiye aliyekosea tarehe? Haya! Wengine hukosea chumvi."

Bi Mdogo hakumtazama hata.

"Angetaka nipoteze angenyamaza," akasema. "Nesi, nina kiu."

Mama daktari akatueleza mpango. Hajui kama mimba iko mahali pake, namba hiyo haiwezi kuonyesha. Hawezi kuiua mimba ambayo huenda ni nzima, lakini kungoja nako kuna hatari yake. Bi Mdogo akiona maumivu makali, kizunguzungu, au bega kuuma, maana damu ikivuja tumboni maumivu husikika begani, aje muda huohuo, wataomba mashua ya jeshi, mto ukiruhusu. Dawa za mashine zikifika, kipimo cha tatu. "Nani atakuwa naye nyumbani?" akauliza.

"Mimi," nikasema.

Akaniangalia kidogo. "Haya."

Jumamosi, tarehe 22

Nimehamishia godoro langu chumba cha mbele. Kila akigeuka nauliza, "Bega?" Anajibu, "Zima." Maumivu kidogo, damu hakuna.

Jumapili, tarehe 23

Bega zima.

Jumatatu, tarehe 24

Bwana Sahihi ameniita mchana. Tumekaa na kitabu tukapitia vichupa vyote vya jioni tangu tarehe 3, sitini na kimoja. Kimoja kimoja, anasoma, narekebisha, naweka sahihi, anaweka sahihi. Hakuna mwingine aliyeharibikiwa, alhamdulillah. Nimepewa barua ya onyo, imewekwa kwenye faili langu.

Amebandika karatasi ukutani juu ya dirisha langu: SIKU INABADILIKA SAA SITA USIKU.

"Bwana, nani anakuwa macho kuiona?" nikamwuliza.

Akacheka! Miaka tisa, mdogo wangu. Anacheka kama mtu anayepiga chafya.

Jumanne, tarehe 25

Asubuhi alikaa chini ghafla mlangoni, kizunguzungu. Nilipiga kelele jirani akawasha pikipiki kabla hajavaa shati. Hospitali wakampima presha, wakamwangalia tumbo, wakauliza amekula nini. Hajala tangu jana. Kichefuchefu, akaona aibu kuniambia. Nilimfokea njia nzima kurudi. Jirani akasema, "Bi Mkubwa, mwache mwenzio, mie mwenyewe naogopa."

Usiku hapa chumbani tunazungumza gizani. Nilikuwa sijui kwamba mama yake alikufa akimzaa. Miaka sita ua mmoja, sijui. Amenieleza kila mimba iliyotoka ilikuwa ya wiki ngapi, siku gani, alikuwa anashona nini. Alizihesabu zote kama ninavyowahesabu wanangu.

Jumatano, tarehe 26

Bega zima. Ametapika mara tatu. Sijawahi kufurahia matapishi ya mtu.

Alhamisi, tarehe 27

Dawa za mashine zimevuka jana kwa boti, kwenye sanduku la barafu, Bwana Sahihi amelipokea mwenyewe kwenye matope. Leo saa tatu asubuhi, Bi Mdogo ametolewa damu. Sikugusa kichupa. Nilikaa kwenye benchi la wagonjwa kama mgonjwa, tasbihi mkononi.

Saa saba mlango ukafunguliwa. Bwana Sahihi hakuruhusiwa kutoa majibu kwa mdomo, sheria hiyo aliitunga yeye mwenyewe. Alipita mbele yetu na karatasi akaelekea kwa mama daktari, lakini alipofika kwetu akasema, akitazama dari, "Nimelazimika kuizimua damu mara kumi ili mashine iisome."

"Maana yake nini?" Bi Mdogo akaninong'oneza.

"Sijui," nikasema. Nilikuwa nalia tayari, kwa hiyo labda nilijua.

Elfu tisa mia nane na sabini, namba kubwa mno kwa mashine, ndiyo maana aliizimua damu. Mama daktari akampaka mafuta tumboni, akazungusha kile kifaa, akageuza kioo kwetu. Ndani ya mji, katikati, kuna kidoa cheusi kama punje ya maharage. Mahali pake hasa. Habari ya moyo, akasema, tungoje kama wiki moja, na hawezi kuahidi kitu. Hakuahidi. Lakini alimshika Bi Mdogo bega, lile tulilokuwa tunaliuliza.

Jumapili, tarehe 30

Baba watoto amefika kwa boti, mwembamba, ana ndevu. Bi Mdogo akamweleza yote mbele yangu, na alivyoeleza mimi ni shujaa. "Bi Mkubwa alikwenda kwenye mvua saa moja na nusu. Bi Mkubwa alikubali kufukuzwa kazi." Amewaeleza hivyo majirani, amemweleza hata Redio. Baba watoto alinitazama kwa macho ambayo sijayaona tangu mwanetu wa kwanza. Nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Kila anayenisifu namwona yule aliyekaa kitandani usiku ule akiisikiliza sauti ya upole.

Jumatano, tarehe 3

Daraja la chuma limeshuka. Magari yanavuka moja moja.

Nimemwambia Bi Mdogo. Jana mchana, anapiga pasi sare, mimi nakunja. Nilisema tu, "Nilijua tangu Alhamisi. Ulipokuja dirishani. Bwana Sahihi alikuwa palepale na sikusema mpaka asubuhi."

Pasi ikasimama. Akaiinua isiunguze kitambaa.

"Kwa nini?"

Nikamweleza sababu ya kwanza, na ya pili. Ya tatu ilikuwa ngumu, nikaisema nikitazama vifungo. Nilisema, "Kuna upande wangu ulitaka usizae."

Nikasikia maji ya mfereji yanaingia kwenye pipa. Nikawaza, sasa nitarudisha godoro langu nyuma, na miaka sita mingine itaanza.

Akarudisha pasi chini, akanyoosha kola polepole.

"Ulikaa usiku mmoja?"

"Mmoja."

"Mimi ningekaa siku mbili, Bi Mkubwa," akasema. Na hakuwa anatania. Baadaye kidogo machozi yakamdondoka kwenye sare ya mtoto wa watu, ikabidi aipige pasi upya.

Leo asubuhi hakusema shikamoo. Alisema, "Bi Mkubwa, unaamka au nikumwagie maji?" Kesho kutwa tunakwenda kusikiliza moyo, saa mbili, naye amesema niingie naye ndani, baba watoto angoje nje. Sijui tutasikia nini. Namba ilipanda, hilo tunalijua.

Daftari nampa dereva wa basi la saa sita, yule mwenye jino la dhahabu, ni mwaminifu. Nisalimie watoto. Mwombee Bi Mdogo, na mimi pia. Ukishamaliza kusoma, tafadhali nijibu upesi.

Dada yako.